Hakuonja Hata Tone

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake, na wale wanaonong'ona huko nyuma kwamba ini la kaka limeliwa na pombe, naomba wafunge midomo, maana haya yanawahusu.

Kaka, mliyezoea kumwita Shoka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa seremala mlevi kupindukia, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko hadi mwaka 1978, mwaka ambao baba alimvunja mama taya kwa mguu wa kiti, kaka akashika nyundo, akapasua kila chupa ndani ya nyumba, kisha akamgeukia baba, ikabidi majirani wamrukie, na palepale akaapa kwamba pombe haitagusa ulimi wake.

Mwaka 1980 aliingia buchani, akakata mifupa kwa pigo moja, na kila jioni alijipongeza kwa sahani ya mafuta ya nyama na soda mbili, lakini ini la ng'ombe lililopauka kwa mafuta aliwatupia mbwa, akidai halifai. Tarehe 12 Desemba 1987 alimuoa fundi cherehani huyu mnayemwona hapa, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, na mkewe hakuwahi kuonja kofi lake.

Mei 2017 daktari alimwambia ini limejaa mafuta, akamuuliza anakunywa kiasi gani, swali la kawaida jamani, ila kaka alisikia anaitwa baba yake, akamtandika ngumi iliyomng'oa jino, akaondoka, hakurudi kwa zaidi ya miaka miwili. Kumbe hata asiyekunywa huugua, ini likishindwa kuyachoma mafuta huyarundika, chembe hai zake huvimba, ini huota makovu, kisha chembe nyingine hugeuka majambazi, zikajilisha mafuta yaleyale na kuzaana ovyo, ndiyo saratani hiyo.

Kaka alirudi hospitalini Agosti 2019, amechelewa, na tarehe 3 Februari 2020 alikufa akitapika damu beseni zima, ameshikwa mkono na daktari yuleyule.

Tunawashukuru wauguzi, majirani, wenzake wa buchani, na wewe daktari mwenye pengo, tunakupigia magoti. Nawe mwanawe, uliyerithi kazi ya bucha, kitambi na kiapo, kesho asubuhi nakupeleka mwenyewe ukapimwe, ukiulizwa unakunywa kiasi gani, sema hunywi, na mikono ibaki mapajani.

Kaka, hukuonja hata tone, wote wamesikia, sasa lala kwa amani.