Miaka Thelathini na Moja ya Mama Taratibu, Mlezi wa Misuli ya Ulimi

Mama Taratibu, fundi sanifu wa maabara yetu, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja kazini. Alipaswa kuondoka tarehe 31 Machi. Aliyemchelewesha ni mimi, binti mwosha vyombo niliyemaliza shule juzi tu, na hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu.

Yeye pia alianza kwa kuosha chupa. Leo ndiye anayepokea seli chache kutoka pajani mwa mgonjwa, kuzipanda kwenye kiunzi laini kama utando wa yai, na kuzilea ndani ya kabati la joto mpaka ziwe misuli ya kuziba pengo la ulimi. Huzilisha mwenyewe, hata sikukuu. Mume wake hulalamika kwamba ameletewa mke mwenza, tena kabati. Wageni huamriwa kwanza watamke "rarua" polepole, wasikie ulimi unavyojipinda. Daktari bingwa mmoja alisimama mlangoni akirarua, sisi mbavu hatuna.

Kila asubuhi kisahani cha seli huwekwa kwenye mashine ya kuvuta, ili nyuzi za misuli zijipange upande mmoja. Mshale uliochorwa kwenye kisahani lazima uelekee mlangoni. Mwezi Februari Mama Taratibu alikwenda kutibiwa macho, akaniachia kazi hiyo kwa siku mbili. Mimi niliuelekeza dirishani. Nyuzi zikavutwa kombo. Kipande kile kilikuwa cha mwalimu wa chekechea aliyeumia ulimi ajalini, ambaye tangu hapo alifundisha kwa ubao na filimbi.

Mama aliporudi alitazama kwenye darubini, akaziona nyuzi zilivyokaa kombo. Nilitamani ardhi inimeze. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Kisha akaandika daftarini kwamba kisahani kiliwekwa vibaya chini ya uangalizi wake na kwamba tunaanza upya na seli za akiba, akatia saini. Siku hiyohiyo akaomba aongezewe miezi mitatu. Utani ukazagaa koridoni: eti Mama Taratibu hata kustaafu anastaafu taratibu! Akacheka nao. Nami akanishika kiganja kila asubuhi, tukaweka kisahani pamoja, mpaka nikaweza peke yangu.

Upasuaji ulifanyika mwanzoni mwa Mei. Wiki iliyopita tulitumiwa rekodi ya mwalimu akiita mahudhurio kwa mdomo wake. Sauti bado nzito, na majina mawili yalimshinda, lakini watoto wote waliitika. Mama akafuta miwani, akasema sasa anaweza kwenda nyumbani. Kuanzia Jumatatu mashine ya kuvuta ni yangu, na siiogopi.

Mama, asante. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na mume asiye na wivu tena.

Nanyi wasomaji, nilimwahidi nitanyamaza, na yeye hasomi kamwe sifa zake. Tafadhalini, msimwambie kwamba nimesema.