Mama Salome Aiaga Meza ya Waandishi

Baada ya miaka thelathini ya utumishi, Bibi Juliana Kulwa Masunga, ambaye hapa kiwandani hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mhasibu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kwetu sisi wa Igembe Wachapaji, Shinyanga, yeye ni Mama Salome. Na kama wewe unayesoma programu hii ya hafla ya kumuaga umewahi kuandika kitabu, au hata kufikiria kuandika kitabu huku ukipita karibu na mlango wetu, basi bila shaka amewahi kukuuliza swali ukarudi nalo nyumbani.

Mimi ni Amosi, mpangaji wa kurasa. Meza yangu iko nyuma ya yake, kwa hiyo kisogo chake nakijua kuliko uso wangu mwenyewe. Mkurugenzi wetu, Mzee Wiliam Nkwabi, amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno yake, nimeyasikia yote. Ni kweli. Nitajitahidi kusema nusu.

Mama Salome alizaliwa Samuye, yeye na pacha wake Dotto, ambaye yupo hapa leo mstari wa mbele. Wamefanana kupita kiasi, hivyo tafadhali zawadi zikabidhiwe kwa uangalifu. Aliajiriwa Machi 1996 kukunja karatasi, kazi ambayo haihitaji kusoma chochote. Tatizo ni kwamba alisoma. Siku moja Mzee Nkwabi alimkuta ameketi katikati ya marundo ya kitabu cha ufugaji wa nyuki, machozi yakimtiririka. Mzee akadhani mashine imemkata kidole, akaita gari. Kumbe alikuwa amefika pale malkia wa nyuki anapokufa.

Mzee akaona huyu hawezi kukunja, labda ataweza kusahihisha. Akamhamishia kwenye prufu, kurasa za majaribio, na baadaye akampa meza ya mlangoni, meza ya waandishi. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: mwandishi akiingia na mswada, mkaribishe, mpe kiti, chukua oda. Mama Salome alikaribisha vizuri sana. Kiti alitoa. Kwenye oda ndipo mambo yalipoharibika.

Bwana Donatus wa Tinde, mtaalamu wa mifugo, atanisamehe nikimtaja, maana kisa hiki huwa anakisimulia mwenyewe harusini. Alikuja na mswada wa kitabu cha kuku wa kienyeji, akataka tuchape nakala za kujaza lori.

"Watakisoma akina nani, baba?" Mama Salome akamuuliza.

"Watanzania wote."

"Nitajie wanne."

Bwana Donatus akamtaja mkewe. Akamtaja shemeji yake. Akamtaja mchungaji, kwa sauti ya chini kidogo. Halafu akatazama dari yetu kwa muda mrefu, mpaka nami nikainua macho nione kuna nini. Alirudi Tinde bila kuchapa hata ukurasa mmoja. Alipokuja tena alikuwa amezunguka vijijini, na safari hii majina yalimtoka mfululizo, wafugaji kwa vijiji vyao. Tulimchapia nakala za kiasi, zikaisha, akachapa tena.

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kumwambia mwandishi kwamba njia fulani ndiyo bora. Anayetaka kitabu kifike mashuleni alimshauri atafute mchapishaji, avumilie kusubiri, kwa kuwa mchapishaji ana wahariri na wasambazaji ambao mtu mmoja hawezi kuwa nao. Mwenye wasomaji wake tayari, anayewajua na kuwafikia, alimshauri ajichapishie, lakini kidogo kidogo, na amlipe mhariri kabla ya kumlipa mchora jalada. Kijana ambaye wasomaji wake wote wako kwenye simu alimuuliza kwa nini basi anahangaika na karatasi. Hilo alilisema ndani ya kiwanda cha karatasi! Na kila mtu, awe padri au mwanafunzi, alimwonya jambo moja: anayekuomba hela ili akitoe kitabu chako anakuuzia huduma, hajakuchagua. Kununua huduma si aibu, sisi wenyewe tunaishi kwa kuiuza, ila ujue unanunua.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kilikaribia kuufanya wasifu huu uandikwe mapema zaidi.

Miaka sita iliyopita liliingia uani gari jeupe lenye vumbi la Katoro. Alishuka Bwana Eliya Lugodisha, au Baba Klara, mnunuzi wa dhahabu, mtu mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake. Nyuma yake alishuka Lusia Nyanzobe, Mama Boaz kwa wateja wake, mama lishe, amekumbatia madaftari yanayonukia vitunguu. Kwa miaka mingi Lusia alikuwa amewapikia wachimbaji kwenye kibanda chake, na usiku akaandika vituko vyao. Kitabu alikiita *Ugali Kwanza, Dhahabu Baadaye*.

Bwana Eliya alitaka nakala nyingi kuliko oda yoyote tuliyowahi kupata. Sharti lake alilisema waziwazi, bila hila: yeye analipa, kwa hiyo haki zote za kitabu ziwe zake, na kwenye jalada iwekwe picha yake amesimama kando ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mzee Nkwabi aliagiza soda kwa kiwanda kizima. Mimi nilikunywa mbili.

Mama Salome hakunywa. Aliomba apewe siku moja ya kusoma. Alisoma akicheka hivi kwamba fundi mashine alizima mtambo aje kusikiliza. Kesho yake akamketisha Lusia.

"Mama Boaz, hiki kitabu ni cha nani?"

"Si changu? Nimekiandika mimi."

"Kikitoka hivi kitakuwa cha Baba Klara. Akitaka kukiuza, atauza. Akitaka kukibadilisha, atabadilisha. Wewe utabaki na masufuria."

Lusia akayaweka madaftari mezani. Kisha akaeleza kwamba mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam amemkubalia, bila kumdai hata senti, ila asubiri miaka miwili. "Miaka miwili, Mama Salome! Wateja wangu watakuwa wameshahamia duara jingine la kuchimba. Hawa watu wakisikia kuna shimo linatema dhahabu, hawaagi hata mke."

"Na ukichapa mwenyewe?"

"Naogopa. Nani atanunua maneno ya mpika ugali?"

"Hilo tusiliamue hapa," Mama Salome akasema. "Twende tukawaulize."

Mzee Nkwabi alimwita ofisini. Ukuta wetu ni wa mbao. "Juliana," alisema, na alipotumia jina hilo wote tuliacha kupumua, "ukirudi kutoka Katoro bila oda ya Lugodisha, hii meza nitampa mtu mwingine." Akajibu, "Sawa, mzee," akachukua mkoba wake. Nilifuatana naye kwa hiari yangu. Sikuwa na kazi yoyote ya maana Katoro, nilitaka tu kuona.

Ilikuwa siku ya soko, mchana. Kibandani palijaa wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye kope. Lusia alipoombwa awasomee aligoma, akasema heri achome chapati. Mama Salome akamshika mkono, akamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa. Lusia akaanza kwa sauti ya kuomba msamaha. Ukurasa wa kwanza watu waliendelea kutafuna. Ukurasa wa pili, penye mchimbaji anayekula sahani tatu halafu anajifanya amezimia ili asilipe, kijiko kimoja kikaanguka.

"Huyo ni mimi!" jamaa mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Mama Boaz, umeniweka kitabuni?"

"Jina nimebadilisha," Lusia akasema.

"Kwa nini ulibadilisha? Rudisha jina langu!"

Hapo ndipo ilipoanza. Bodaboda walisimama, abiria wakagoma kuondoka. Muuza nyanya wa jirani aliacha nyanya zake. Kila aliyejitambua alishangilia, na asiyejikuta kitabuni alilalamika kwamba amekula hapo miaka na miaka, kwa nini ameachwa. Ugali uliungua, moshi ukajaa, na hakuna aliyeinuka. Lusia naye alibadilika mbele ya macho yetu. Sauti ikapanda, mikono ikaanza kucheza, akaigiza mpaka kukohoa kwa wateja wake. Alipofunga daftari waliuliza swali moja tu: kinauzwa wapi?

Lusia alimgeukia Mama Salome, kijasho chembamba usoni. "Nachapa mwenyewe," akasema. "Kidogo kwanza. Jina langu juu."

Mpaka hapo hatukuwa tumemwona Bwana Eliya. Alikuwa mlangoni, na safari hii hakucheka. "Mama Salome," alisema, "umeniaibisha mbele ya watu wangu. Nilitaka kumsaidia huyu."

Mimi nilikuwa natafuta njia ya kutokea nyuma.

"Msaada wako ulikuwa mkubwa, Baba Klara, na moyo wako nauona," alimjibu, bila kupandisha sauti. "Lakini wewe una maisha ya kujaza kitabu kizima. Kwa nini ujibane kwenye jalada la mwenzako? Andika chako."

Bwana Eliya akavuta benchi, akaketi. Akaagiza chakula, akaambiwa kimeungua, akasema leteni hivyohivyo. Kisha akaanza: siku alipofika Katoro na kandambili mbili za mguu mmoja. Jua lilizama bado anasimulia, na mimi ndiye niliyekuwa naandika, mkono ukiniuma, Mama Salome akimkatiza tu kumuuliza, "Halafu?"

Tulirudi Shinyanga na oda ya Lugodisha. Haikuwa ya kitabu kilekile, lakini Mzee Nkwabi hakuwa ametaja kitabu, alitaja Lugodisha tu. Aliitazama ile oda, akamtazama Mama Salome, akaagiza soda upya.

Kitabu cha Bwana Eliya kilitoka na picha yake jalada la mbele, na nyingine jalada la nyuma. Hakiuzi, na hajawahi kutaka kukiuza. Anakigawa kwenye harusi, misiba na uzinduzi wa visima, na sijawahi kumwona mwandishi mwenye furaha kumzidi. Kwake yeye kujichapishia ndiyo njia iliyokuwa sahihi tangu mwanzo.

Cha Lusia kiliisha kabla gundi haijakauka vizuri, kikachapwa tena, na tena. Yule mchapishaji wa Dar es Salaam akarudi, safari hii yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Mama Salome alikaa na Lusia kwenye mkataba neno kwa neno. Wakampa mchapishaji haki ya kuchapa kwa miaka michache, kwa mrabaha mzuri, na haki ya sauti Lusia akabaki nayo. Leo ukipita Katoro utamsikia akisoma mwenyewe kwenye simu za madereva wa malori. Yule jamaa aliyezimia amerudishiwa jina lake, toleo la pili, na anatoza soda kwa anayetaka kupiga naye picha.

Mama Salome, wabeja sana. Asante kwa kila mteja uliyemrudisha nyumbani akafikiri, maana karibu wote walirejea, na walirejea na majirani. Asante kwa kutusomea kwa sauti mambo ambayo tulipaswa kuyachapa kimyakimya. Asante kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za saa nne.

Anasema anakwenda Samuye kulima mpunga na kupumzika. Kulima tunaamini. Kuhusu kupumzika, Dotto ametuarifu kwamba Jumamosi iliyopita pikipiki mbili zilisimama mbele ya nyumba, na abiria wote wawili walishuka na bahasha nene. Mmoja wao, kwa haraka zake, alimkabidhi Dotto mswada wake, na Dotto ameshafika sura ya tano na hataki kuurudisha.

Mama yetu, nenda salama. Mungu akujalie afya, mvua ya kutosha, mpunga unaojaza ghala, na waandishi wenye adabu ya kubisha hodi baada ya chai.