Fundi Tuliyemwita Kwikwi

Ijumaa hii fundi wetu wa injini anaweka spana chini baada ya miaka thelathini na minne katika karakana hii. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, niliyekuwa msimamizi wake, niandike maneno ya kumuaga. Imenisisitizia pia nisisahau kueleza, kwa utani wetu wa siku zote, jinsi alivyopata jina la Kwikwi. Kamati haijui imeomba nini. Habari ya jina hilo nimeificha miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya vijana watakaoketi ukumbini, na daktari wangu siku hizi haniambii tena kwamba nitapona. Basi nitaieleza. Utani hautakuwepo, mtaniwia radhi.

Alikuja kwetu akiwa kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Tulimcheka masikio hayo mpaka tulipoona kazi yake. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya injini inayounguruma, mpini akaubana sikioni, kisha akafumba macho kama mtu anayesikiliza siri. Akifumbua, alitaja ugonjwa. Wateja walianza kumwomba kwa jina lake halisi, jina ambalo wengi wenu hamjawahi kulisikia.

Siku moja nilimwita nyumbani aje kuangalia gari langu. Kazi ilikuwa ya nusu saa, naye akaondoka jua likizama. Kumbe sikio halikuwa kwenye injini. Mwaka uliofuata alimwoa mdogo wangu wa kike, nami nikaanza kumwita shemeji. Nilifurahi, na hilo naomba mliamini, kwa sababu yanayofuata yatawafanya msiamini.

Kulikuwa na mkunga mmoja hapa mjini aliyeachiwa na marehemu baba yake gari la familia, stesheni wagoni ya zamani yenye mlango wa nyuma mzito. Aliipenda kama mtu. Baba yake alikuwa msahaulifu, na kila akijaza mafuta alikuwa akiacha kifuniko cha tangi juu ya paa na kuondoka zake, basi akakipaka doa kubwa jekundu ili kimkumbushe. Mkunga alilileta gari kwa matengenezo ya kawaida. Shemeji alilihudumia, akabadilisha oili na plagi, akalifuta, likaondoka likiimba.

Wiki haikuisha mkunga akarudi. Gari linakwenda vizuri, alisema, halafu ghafla linashtuka, linakata, linashika tena, kama mtu mwenye kwikwi. Likifika mlimani ndiyo kabisa. Shemeji aliliwasha mbele yake, likanguruma bila kasoro. Akabadilisha waya za plagi, akasafisha kabureta, akaweka filta mpya ya mafuta. Mkunga akashukuru, akaenda, akarudi tena. Safari hii Shemeji alifungua pampu ya mafuta na kuikagua kipande kwa kipande. Pampu ilikuwa nzima.

Mara ya mwisho mkunga hakurudi kwa upole. Gari lilizimika katikati ya mlima wa hospitali, watoto wakiwa nyuma, likaanza kurudi kinyumenyume kuelekea lori. Dereva wa lori aliwahi kufunga breki. Mkunga aliingia karakana hata viatu hajavaa vizuri, akasimama kati ya magari yetu.

"Nani amelishika gari langu? Aje hapa aniangalie usoni!"

Shemeji alitoka chini ya gari jingine. "Mimi, mama."

"Wewe! Kabla hujaligusa lilikuwa na kwikwi?"

"Hapana, mama."

"Basi umeliambukiza wewe hiyo kwikwi! Wanangu wangekufa, ungeniambia nini? Ungeniambia pampu ni nzima?"

Mafundi wote waliacha kazi. Walinitazama mimi, kwa sababu msimamizi nilikuwa mimi. Ningeweza kusema tutachunguza. Ningeweza kunyamaza tu. Nikasema, kwa sauti ya kufurahisha watu, "Mama, tusamehe. Huyu kuanzia leo ni Fundi Kwikwi, nampeleka kwenye matairi. Huko hata akikosea, kinachotoka ni upepo tu."

Watu walicheka. Hata mkunga alitabasamu kidogo, maskini, pamoja na hasira zake zote. Shemeji hakucheka. Aliokota kitambaa chake, akaenda kwenye jeki na ndoo ya maji ya kutafutia pancha.

Hapo ndipo wasifu wa mtu mwingine ungeishia. Yeye siku yake ya mapumziko alikwenda nyumbani kwa mkunga, akamwomba amwendeshe mpaka gari lishikwe na kwikwi. Mkunga alimjibu maneno makali kwanza, kisha akakubali. Walizunguka mji. Lilipoanza kushtuka alimwambia asimame, akashuka, akaenda nyuma, akalegeza kifuniko cha tangi. Hewa iliingia kwa mlio mrefu, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua akiachiwa. Walipanda mlima ule ule kifuniko kikiwa kimelegezwa, na gari halikushtuka hata mara moja.

Wale wasio mafundi wanielewe. Mafuta yakipungua tangini, lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Kifuniko cha gari lile kilitakiwa kuwa na tundu dogo la kupumulia. Kilichokuwepo hakikuwa nalo. Kiliingia sawasawa, kikakaza sawasawa, na kikawa kinalinyonga gari polepole. Likisimama kidogo, hewa inapenya, linapona. Ndiyo maana kila lilipofika karakana lilikuwa zima.

Kesho yake alikuja ofisini kwangu na kifuniko kile mkononi.

"Shemeji, hiki si cha gari lile. Cha kwake kilikuwa na doa jekundu. Nimekiona kwa macho yangu siku nilipolihudumia."

"Labda kilipotea, wakanunua hicho."

"Mkunga anasema hajanunua. Mafuta anajaziwa kituoni, kifuniko hakiangalii."

"Basi umebahatisha," nikamwambia. "Rudi kwenye matairi, tutaona."

Hatukuona. Mkunga alipata kifuniko kingine, gari lake likapona, naye akaja na keki kumwomba radhi mbele za watu. Lakini jina lilikuwa limeshapata miguu. Wateja walikuwa wakiniambia pembeni, "Gari langu asilishike Kwikwi." Mdogo wangu alinijia nyumbani. "Kaka, wanangu shuleni wanaitwa watoto wa Kwikwi. Wewe ndiye mkubwa pale. Sema neno moja tu." Nikamwambia ni utani wa kazini, asiutilie maanani. Alisimama mlangoni kidogo, akaondoka, na tangu siku ile akija kwangu anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

Shemeji alikaa kwenye matairi mpaka nilipostaafu. Aliyenirithi alimrudisha kwenye injini mwezi ule ule. Tangu hapo amefundisha karibu kila fundi mnayemwona hapa kusikiliza kwa mpini wa bisibisi, na hakuna mteja hata mmoja aliyerudi akilalamika. Haya ndiyo mafanikio ya kazi yake. Miaka mingine mingi aliitumia kuziba pancha, na aliziba vizuri.

Gari langu mwenyewe lilikuwa la aina moja na stesheni wagoni ya mkunga. Amelihudumia bure miaka yote, bila kuombwa. Siku moja alimaliza, akalifunga tangi, akafuta mikono taratibu. "Shemeji," akasema, "gari lako linapumua vizuri." Kisha akaniwekea funguo mkononi.

Fundi, karakana inakushukuru. Ulale mpaka uchoke, uwasikilize wajukuu, na atakayekuita kwa jina lile asiitikiwe. Mimi sitafika ukumbini, miguu imekataa. Binti yangu atakuja na kifuniko cha tangi la gari langu. Kikwarueni rangi nyeusi kwa ukucha, mtaona doa jekundu chini yake. Changu kilipotea wiki ile ile gari la mkunga lilipokuwa kwetu. Nikachukua chake, nikalifungia gari lake kile kisicho na tundu kutoka kwenye vyuma chakavu. Na rangi nyeusi niliipaka mimi, jioni ya siku ile niliyokupeleka kwenye matairi.