Kageha, Aliyebatizwa kwa Kikombe cha Uji

Marehemu Kageha alizaliwa Bukura tarehe 4 Machi 1955, kifungua mimba wa Mzee Shikanga. Mimi Musimbi, ninayewasomea, nilizaliwa miaka miwili baadaye, na tangu hapo nikawa wa kumfuata katika kila jambo.

Alisoma Bukura hadi darasa la saba, akafaulu mara moja. Mimi nilirudia. Mwaka 1974 alianza ushonaji katika soko la Kakamega, na maharusi wote walimtaka yeye. Mimi nilibaki kushona vifungo.

Mwaka 1977 aliolewa na Barasa, wakakaa Amalemba. Barasa, tusidanganyane mbele ya jeneza: mara ya kwanza ulikuja kwetu kwa ajili yangu.

Jambo moja tu nilimtangulia, nalo ni ubatizo. Nilikaa darasani miaka miwili, nikazamishwa Mto Isiukhu mwezi wa Julai, meno yakigongana mbele ya kanisa zima. Kageha alianza darasa hilo mara mbili, akaliacha mara mbili. "Mto bado uko," alikuwa akisema, huku akicheka.

Mwaka huu wa 1996 ini lilimlemea. Jumapili tarehe 9 Juni, wodini, alinishika mkono.

"Musimbi, wewe ndio unaombanga sana. Nibatize."

Mchungaji Kipkemboi alikuwa Lugari, na kanisa letu humruhusu Mkristo yeyote kumbatiza anayekata roho. Nilisuuza kikombe chake cha uji, nikamwagia maji kichwani pake. Akatabasamu. Alfajiri alifariki.

Wazee wa kanisa walisema asiyebatizwa huzikwa bila mchungaji wala kwaya. Shahidi nilikuwa mimi peke yangu.

"Ulitaja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu?" Mchungaji aliniuliza.

Ningedanganya kuwa sikutaja, ningebaki na kile kimoja nilichomtangulia. Wivu ulinishawishi, sifichi.

"Nilitaja," nikasema.

"Basi amebatizwa sawa na wewe. Anayeokoa ni Kristo, si wingi wa maji."

Sawa na mimi! Na mto wote ule!

Marehemu amemwacha mumewe Barasa, watoto wao Beverlyne na Shikanga, na mdogo wake, mimi. Leo kwaya imemvalia majoho, na hata huko mbinguni amenitangulia. Pumzika kwa amani, dada. Nishikie nafasi kando yako. Nakuja nyuma yako, kama kawaida.