Klachi Kushoto, Breki Katikati

Mgeni rasmi, Bwana Were, mkurugenzi wa chuo chetu cha udereva. Mwalimu wetu Mideva. Jamaa zetu mliotusindikiza leo: mulembe. Na kwa wenzetu waliotoka Mumias na Matungu, asalaam aleikum.

MAKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa Darasa la Alasiri tumefurahi kwamba umekuja mwenyewe, wala hukutuma mtu. Karibu sana hapa Kakamega. Ingokho, kuku wetu wa heshima, iko jikoni na harufu yake imeshatangulia, kwa hivyo tutajitahidi tusikuchoshe.

Tungeweza kukueleza habari za kila mmoja wetu. Tuko wakata miwa, washonaji, mama wa kwaya na vijana waliomaliza shule juzi. Lakini tulipokaa kuandika risala hii, kila mtu alianza kusimulia habari za mtu mmoja tu, Mama Namalwa, anayeketi pale karibu na mlango. Tukamwomba ruhusa tuisome habari yake. Akasema, “Someni, lakini msiongeze chumvi.” Hatukuongeza.

TULIKOTOKA

Namalwa ni mkulima wa miwa upande wa Butali. Mumewe, Mzee Osundwa, aliendesha trekta la kubeba miwa kwa miaka mingi, kisha akanunua pikapu yake mwenyewe. Pikapu hiyo ilikuwa fahari yake. Aliiosha kila Jumamosi, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kushika usukani wake.

Kisha presha ya macho ikamshika. Alidhani ni vumbi la shambani, akanawa uso na kuendelea na kazi. Alipofika hospitali, jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili lilikuwa likielekea huko huko. Sasa haoni.

Pikapu ikalala bandani. Mzee naye akaanza kukaa ndani. Alijaribu mara moja kupanda bodaboda kwenda kliniki. Dereva akakata kona, yeye asijue ainamie upande gani, wakaanguka wote. Hakuumia sana, lakini tangu siku hiyo alikataa kutoka. Kanisani hakwenda tena, kliniki hakwenda tena. Wageni wakija, alijifanya amelala.

Namalwa alikuwa akimtazama mtu aliyezoea kuimba shambani akigeuka kuwa mtu wa kuhesabu mabati ya nyumba kwa kusikiliza mvua. Ndipo akaja hapa kujiandikisha. Hakumwambia mumewe mpaka jioni.

“Baba Mitchel, nimeanza masomo ya gari.”

Mzee alisukuma sahani yake kando. Kisha akasema, “Kwa hivyo mmeshagawa vitu vyangu. Sijakufa bado, Mama Mitchel.”

Namalwa anasema usiku huo hakuna aliyemaliza obusuma yake, ule ugali wa jioni.

MASOMO

Mgeni rasmi, kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kuanza masomo ya garini hapa chuoni, lazima kwanza apite mtihani wa kutambua vyombo vya gari na alama za barabarani. Mwalimu Mideva hutufundisha kwa kuchora ubaoni, na huchora vizuri. Wengi wetu tulishika upesi. Namalwa hakushika. Pedali zilikuwa zikimchanganya kila siku: akiulizwa klachi anaonyesha breki, akiulizwa breki anaonyesha mafuta. Ashura, anayekusomea risala hii, alikuwa akiketi naye dawati moja, na anashuhudia kwamba mara mbili Namalwa alifunga mkoba wake aondoke asirudi.

Nyumbani alijifundisha mwenyewe. Alipanga vitu vitatu sakafuni jikoni: mkebe wa unga, kigoda na kiatu kimoja cha shambani. Akaketi mbele yavyo na kukanyaga huku akisema kwa sauti, “Klachi. Mafuta. Breki. Klachi. Mafuta. Breki.”

Kutoka chumba cha pili sauti ikasema, “Utaua watu.”

Namalwa akaacha kukanyaga.

“Breki iko katikati,” Mzee akasema. “Klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Na mguu wa kushoto ni wa klachi peke yake. Mguu wa kulia ndio unahamanga, breki na mafuta, breki na mafuta. Sema tena.”

Akasema tena. Akakosea. Mzee akaja akipapasa ukuta, akainama, akamshika mke wake kifundo cha mguu na kuuweka mguu mahali pake.

Kesho yake alisubiri alasiri, akasema, “Twende bandani. Jikoni hakuna gari.”

Kuku walikuwa wamezoea kulala garini, ikabidi wafukuzwe kwanza. Mzee akaketi kiti cha kushoto, kiti ambacho hakuwahi kukikalia katika gari lake mwenyewe. Alikaa hapo, mikono juu ya magoti, na Namalwa akaogopa kwamba atatoka. Hakutoka. Alinyoosha mkono, akagusa kichwa cha gia, kisha handbreki, kisha redio, kama mtu anayesalimia jamaa msibani. “Haya,” akasema. “Niambie nimeshika nini.”

Tangu siku hiyo walikwenda bandani kila alasiri isiyo na darasa. Injini haikuwashwa, maana Namalwa hakuwa na ruhusa ya kuendesha. Ila vyombo alivijua, hata akifumba macho.

MTIHANI

Siku ya mtihani, mtahini alimketisha Namalwa katika gari la chuo. Alitaja pedali zote sawasawa na darasa likapiga makofi dirishani. Kisha mtahini akamwambia awashe waipa. Akashusha kijiti cha kushoto. Taa ya indiketa ikaanza kuwaka na kuzima. Akaambiwa ajaribu tena. Akashusha kile kile, kwa nguvu zaidi.

“Hili gari limekosewa,” Namalwa akasema.

Tulicheka, mgeni rasmi, na hatujivunii kicheko hicho. Namalwa alichanganyikiwa, hata maswali aliyoyajua yakamtoka. Alianguka.

Jambo lenyewe ni dogo. Katika pikapu ya Mzee Osundwa indiketa iko mkono wa kulia na waipa kushoto. Gari la chuo limetengenezwa nchi nyingine, na vijiti hivyo vimebadilishana pande. Hakuna aliyemfundisha vibaya. Lakini Namalwa alipofika nyumbani na kueleza, Mzee alisema, “Ni mimi nimekuangusha,” akarudi chumbani kwake kama zamani.

Hapo ndipo Namalwa alipokasirika, na anasema hajawahi kukasirika vile tangu aolewe. Alisimama mlangoni akamwambia, “Baba Mitchel, mimi sikujifunza gari niende sokoni. Nilijifunza nikutoe humu ndani. Vaa viatu.”

Akamshika mkono, wakatembea mpaka barabarani, wakapata lifti ya jirani mwenye lori la mahindi, wakafika hapa chuoni tukiwa darasani. Mzee akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

“Mwalimu,” akamwambia Mideva, “naomba kugusa gari lenu.”

Sheria ya chuo inasema asiyejiandikisha asiingie garini. Mwalimu Mideva anaijua, nasi tunaijua. Alimtazama yule mzee, akamtazama Namalwa aliyelowa jasho, akatoa ufunguo mfukoni. Mzee Osundwa aliketi kiti cha dereva. Vidole vyake vilizunguka usukani polepole, vikapata kijiti cha kulia, vikakisukuma, na waipa zikafuta kioo kikavu kwa kelele. Akacheka. Namalwa akaegemea mlango wa gari, akalia, kwa sababu alikuwa amesahau kicheko hicho kinavyosikika.

“Kumbe!” Mzee akasema. “Hawa wamegeuza mkono. Mama Mitchel, njoo ukae. Ukiingia gari lolote la watu, gusa kwanza kabla ya kuliamini.”

Siku hiyo alitufundisha sote, kila mtu kwa zamu. Kwenye mtihani uliofuata hakuna hata mmoja wetu aliyeanguka.

TULIYOYAPATA

Namalwa sasa ana leseni. Safari yao ya kwanza kwa pikapu ilikuwa kliniki ya macho. Daktari alisema uoni hautarudi, ila maumivu ya kichwa yanayomsumbua yana dawa, na anaitumia. Jumapili walikwenda kanisani. Tunaambiwa Mzee hukosoa kila gia njiani, na Namalwa humjibu, na wakifika huwa wote wamekauka koo.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Changamoto yetu kubwa ni moja. Mwalimu Mideva ameitwa ofisini aeleze kwa nini alimruhusu mtu asiye mwanafunzi kuingia gari la chuo, na tunasikia uamuzi uko mikononi mwako. Hatupingi sheria. Tunasema tu kwamba gari lilikuwa limesimama, na darasa zima lilikuwepo. Kama kuna wa kuulizwa, tuulizwe sote.

Tunaomba wanafunzi wanaokuja waruhusiwe kukaa garini na kugusa vyombo kabla ya mtihani, injini ikiwa imezimwa.

Tunaomba Mzee Osundwa akubaliwe kuja mara kwa mara kumsaidia mwalimu Mideva katika somo hilo. Yeye mwenyewe amesema yuko tayari. Namalwa atamleta.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, jana tulimsomea Mzee risala hii. Alisikiliza yote, kisha akasema, “Mmeniita mzee, mmeniita mume wa Namalwa, mmenitaja macho. Hamjaniita mwanafunzi.” Tumetafakari tukaona ana haki.

Mungu akulinde barabarani, akubariki na nyumba yako, na akupe moyo mwepesi unapoamua.

Ni sisi wanafunzi wa Darasa la Alasiri, Mzee Osundwa akiwa mmoja wetu.