Dkt. Alice Akiru Ewesit, Mkalimani Aliyerudi Kurekebisha Neno

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, mashekhe, wanafunzi wa marehemu na majirani, mimi ni Lomorukai Ewesit, ndugu yake wa kufuatana naye, na familia imenipa heshima ya kuwasimulia safari yake.

Dkt. Alice Akiru Ewesit alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa Chechelesi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ewesit na marehemu Mama Akidor. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari hadi 1984, na kwa kuwa tulicheza na watoto wa kila kabila, alifika kidato cha kwanza akiongea Kiturkana, Kiborana, Kimeru na Kiswahili, ingawa Kiborana chake, kama alivyokiri baadaye, kilikuwa cha sokoni.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa karani na mkalimani katika mahakama moja ya huku kwetu. Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na Mwalimu Gichunge, na Mungu akawajalia watoto wawili, Akidor na Kinoti, ambao wako hapa mbele yenu.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo linalofuata alituagiza tusilifiche. Mwezi wa Mei 1993, Bwana Doyo Roba wa Garbatulla alishtakiwa kwa wizi wa ng'ombe wanne, akajitetea kwa Kiborana kwamba ng'ombe wale walikuwa dabare, yaani alikopeshwa na rafiki yake awakame na baadaye awarudishe, lakini rafiki huyo alikuwa ameshafariki na warithi wake hawakujua. Dada yangu hakulifahamu neno lile, akaona haya kuuliza mbele ya watu, akamwambia hakimu kwamba mshtakiwa anasema aliwachukua na atawarudisha, na Bwana Doyo akafungwa miaka mitatu.

Wiki sita baadaye alikwenda mtaa wa Wabera kununua maziwa kwa Mama Sadiya, na katika mazungumzo Mama Sadiya akamwambia kwamba ng'ombe anayemkama si wake, ni wa dabare. Alice alirudi nyumbani bila maziwa, akakaa kitandani na viatu vyake, na Mwalimu Gichunge alipomuuliza kuna nini, akajibu, "Nimefunga mtu na mdomo wangu."

Wenzake walimshauri anyamaze, maana alikuwa na mtoto mchanga na kazi ilikuwa ngumu kupata, lakini aliandika barua kwa mkono wake akieleza kosa lake, akala kiapo, rufaa ikasikizwa, na tarehe 2 Novemba 1993 Bwana Doyo akaachiliwa huru. Dada yangu aliondolewa kwenye ukalimani, akapelekwa kupanga mafaili kwa miaka minne, na hatukumsikia akilalamika hata siku moja. Alisafiri mpaka Garbatulla kuomba msamaha, akiwa amejiandaa kufukuzwa, na Bwana Doyo akamwambia, "Hakuna mtu alikuita, umekuja mwenyewe. Sasa kaa chini, nikufundishe Kiborana ya ng'ombe."

Huko ndiko usomi wake ulikoanzia. Alijiunga na chuo kikuu mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka thelathini na moja, akapata shahada ya uzamili katika tafsiri na ukalimani mwaka 2005, na ya uzamifu mwaka 2012, kwa utafiti wa kesi mia moja arobaini na tatu ambazo alizisikiliza mwenyewe, akionyesha jinsi maneno ya mshtakiwa yanavyopunguka yakipita kwa mkalimani asiyeruhusiwa kuuliza. Mwalimu Gichunge, wewe uliyepika na kulea miaka hiyo yote, dada alisema nusu ya shahada ile ni yako, nasi tunakushukuru. Alifundisha wakalimani sitini na mmoja, na somo lake la kwanza lilikuwa kuinua mkono na kusema, "Mheshimiwa, hilo neno silijui."

Februari 2023 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi tarehe 9 Juni 2025 asubuhi, alipotuacha akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Chechelesi kwa kuni, maji na maombi, Mzee Doyo na familia yake waliofika jana, na Mama Sadiya aliyekesha nasi.

Mmeona nikitua kila baada ya sentensi. Wiki mbili kabla ya kutuaga, aliniita, akaniambia, "Lomorukai, wewe unasomanga mbio. Siku yangu weka wanafunzi wangu, Deka afasiri kwa Kiborana na Achuka kwa Kiturkana, na uwangoje wamalize." Nimewangoja, dada. Hata shosho mzee wa mwisho kule nyuma amesikia kila neno.

Lala kwa amani, Akiru wetu.