Irimie Nechita na Shoka Aliloazima Jirani

Habari ilinifikia mjini, Alhamisi tarehe 16 Novemba 2023, saa tano kasoro robo asubuhi, nikiwa kwenye tanuri la mikate ninakofanya kazi. Mama alipiga simu. Hakulia. Alisema, "Zamfira, ukija pitia dukani ununue mishumaa, ile minene." Nikamuuliza mingapi. Akasema, "Ya siku tatu." Hapo nikajua kwamba baba yetu ameondoka.

Mimi binti yake ndiye niliyeandika wasifu huu, na ndiye ninayeusoma. Padri Teofil aliusoma jana akaniomba niondoe sehemu moja, kwa kuwa mazishi si mahakama. Nilimwambia nitasali kwanza. Nilisali, na sikuiondoa. Kijiji hiki kilimhukumu baba kwenye meza ya baa bila mahakama yoyote, na hukumu hiyo aliibeba miaka ishirini na saba. Leo itasomwa upya.

Marehemu Irimie Nechita alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa Dosu Fagului, katika milima ya Apuseni, mtoto wa tatu wa Gherasim na Sofica Nechita. Alibatizwa katika kanisa hili la mbao. Dada yake, shangazi Paraschiva, husema kwamba alijifunza kutembea akishikilia rundo la kuni, maana ndani ya nyumba hakukuwa na kiti cha kushikilia.

Alisoma darasa la kwanza hadi la saba katika shule ya kijiji, mwaka 1953 hadi 1960. Hesabu alizipenda. Mashairi hayakumwingia kabisa, na mwalimu alimwadhibu kwa kumtuma achanje kuni za jiko la darasa. Baada ya mwezi mmoja mwalimu alitambua kwamba mtoto anakosea makusudi.

Mwaka 1960 aliingia msituni pamoja na baba yake, na isipokuwa miaka miwili ya jeshi, 1966 hadi 1968, hakutoka humo. Alifanya kazi katika shirika la misitu la serikali hadi lilipofungwa, kisha akafanya kazi zake mwenyewe. Aliangusha misonobari, alichanja kuni za mialoni, na alichonga mipini ya frasin, mti ambao nyuzi zake hunyooka na hauvunjiki ovyo. Lakini kazi iliyomjulisha mabonde matatu ilikuwa kuwachagulia watu mashoka. Siku ya gulio watu walimfuata nyuma kama kuku.

Swali lake lilikuwa moja: "Unakata au unachanja?" Mtu akijibu kwamba shoka ni shoka, baba alimrudisha nyumbani akafikiri. La kukatia mti alilitaka jembamba, lenye makali yanayozama na mpini mrefu. La kuchanjia kuni alilitaka nene mashavuni na zito, ili lipanue gogo badala ya kung'ang'ania ndani. Aliunyanyua mpini hadi jichoni akautazama kama mtu anayelenga bunduki. Nyuzi zikikimbilia pembeni, aliurudisha kwa muuzaji. Kisha aliligonga shoka kwa kifundo cha kidole na kulisikiliza.

Wapo hapa wanaomkumbuka bwana harusi mmoja aliyenunua shoka jembamba linalong'aa, akaja kumwonyesha.

"Zuri, baba Irimie?"

"Zuri sana. Utachanjia kuni?"

"Ndiyo."

"Basi mkeo avae koti ndani ya nyumba. Hili likiingia kwenye mwaloni utalivuta mpaka Pasaka."

Jambo moja aliwakataza watu wote, wakubwa kwa wadogo: kugeuza shoka na kugongea kabari ya chuma kwa kisogo chake. Kabari ina nyundo yake. Ukiigonga kwa shoka, tundu la mpini linapanuka kidogo kidogo bila wewe kuona, na chuma kinaanza kucheza. Kila mtu mzima aliyeko hapa aliwahi kuambiwa hivyo na baba. Hakuna anayeweza kusema hakujua.

Tarehe 18 Oktoba 1970 alifunga ndoa na Rafila, binti wa fundi mapipa. Mungu aliwapa watoto wawili, Ilarie mwaka 1971 na mimi mwaka 1974. Mama anasema kwamba kwa miaka hamsini na tatu hakuwahi kuwasha moto kwa kuni mbichi, na kwamba hilo ni kubwa kuliko maneno matamu, ingawa maneno matamu pia angeyapokea.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo padri hakuitaka.

Jumamosi tarehe 5 Oktoba 1996, jirani yetu Pantelimon Hurdea aliazima shoka la baba la kukatia. Alisema anapunguza matawi. Alilirudisha Jumatatu jioni. Baba alilikagua mbele yake, kama alivyokagua kila shoka. Alilitikisa, aliligonga, alivuta chuma kwa mikono miwili. Lilikuwa limekaza. Baba akamwambia, "Umelitunza vizuri." Pantelimon akajibu, "Nimejifunza kwako, kaka."

Jumatano tarehe 9 Oktoba msumeno wa injini ulikuwa kwa fundi. Baba na kaka yangu Ilarie walipanda mlimani kukata mwaloni ulioangushwa na upepo. Walisimama wakitazamana, mmoja kila upande wa gogo, wakipiga kwa zamu kama walivyofanya mara elfu. Baba alilitikisa tena shoka kabla ya kuanza. Hewa ilikuwa kavu na jua lilikuwa kali. Ilipokaribia saa nne, baba akiwa anashusha pigo, chuma kilichomoka kwenye mpini kikampiga Ilarie kifuani. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Harusi yake ilipangwa tarehe 10 Novemba, na mkate wa harusi ulikuwa umeshaagizwa. Baba alimshusha mlimani mgongoni. Alipofika kwenye daraja alikuwa amebeba maiti.

Polisi waliandika kwamba ni ajali. Kijiji kiliandika vingine. Ilisemwa kwamba mwalimu wa mashoka amemuua mwanawe kwa shoka ambalo hakulikagua. Katika matanga ya kaka yangu, Pantelimon Hurdea alikaa mezani petu, akala mkate wetu, na akasema mbele ya watu, "Ni bahati mbaya. Kila mtu husahau kukagua siku moja." Nilikuwa namimina mvinyo. Nilimmiminia na yeye. Hilo ndilo ninalojutia mbele za Mungu.

Baadaye kwenye baa mtu mmoja, ambaye naye ameshafariki, alimpa baba glasi akasema, "Irimie, hii umeikagua?" Watu wakacheka. Pantelimon alikuwa kwenye meza hiyohiyo. Alimaliza kinywaji chake akaenda nyumbani.

Polisi waliporudisha kile chuma, mwaka 1997, baba alikiona kisogo chake. Kilikuwa kimebondeka, chenye alama za kabari, na tundu limepanuka kwa upana wa ukucha. Alikwenda kwa Pantelimon, akasimama uani.

"Uligongea kabari."

"Matawi tu, kaka. Naapa."

"Sasa lilikaza vipi?"

"Wewe ndiye uliyelikagua."

Kwa miaka miwili baba hakushika shoka. Kuni zetu zilichanjwa na mama na mimi.

Mwaka 2009, Jumapili moja ya Kwaresima, Saveta, mke wa Pantelimon, alimsimamisha mama nje ya kanisa hili. Alikuwa mgonjwa na alijua hatafika kiangazi. Alisema, "Rafila, dada yangu, shoka lenu lilikuwa linacheza. Nilimwambia alipeleke kwa Irimie alikaze. Akaona aibu. Akalitia kwenye ndoo yangu ya maji Jumapili mchana, likakaa humo mpaka Jumatatu. Akasema likilowa litakaza lenyewe."

Lilikaza. Mpini uliovimba kwa maji hukaza mkononi mwa fundi yeyote duniani, kisha siku mbili za upepo mkavu zinaurudisha ulivyokuwa, na zaidi. Baba alilikagua shoka lile. Alilikagua mara mbili. Naomba jambo hili lisikike mpaka kwa waliosimama nje ya uzio: Irimie Nechita alilikagua.

Mama alipomweleza hayo, baba hakumgusa Pantelimon wala hakumtukana. Alifanya mambo mawili tu. Alihama mahali pake kanisani akaanza kusimama nyuma ya Pantelimon kila Jumapili, hatua moja, ili mtu yule asali akihisi pumzi yake shingoni. Na alikagua mashoka ya nyumba zote isipokuwa ile. Mkwe wa Pantelimon alipoleta shoka akijifanya ni lake, baba alilitambua kwa kutu.

"Mwambie mkweo alilete mwenyewe," alisema. "Na alete na ndoo."

Hakulileta. Kwa majira ya baridi kumi na manne alivuka mlima na shoka begani, saa tatu za kutembea, kwenda kwa fundi wa bonde lingine, na kila aliyemwona njiani alijua kwamba kwa baba hapokelewi. Nilifurahi kila alipoteleza kwenye barafu. Nimeungama furaha hiyo mara nyingi, na kila majira ya baridi imerudi.

Baba alianza kuugua mapafu Februari 2022. Alilazwa mara tatu. Oktoba mwaka huu madaktari walimruhusu arudi nyumbani, nasi tukaelewa. Kama ilivyo desturi yetu, aliwaita watu waje kuombana msamaha, ili majina yao yaandikwe kwenye misamaha inayosomwa kabla ya jeneza kufungwa. Walikuja kwa siku tano. Kulikuwa na kicheko pia. Jirani Tecla alilia akisema, "Nisamehe, kaka Irimie, ule mti wako wa plamu, miaka ile, mimi ndiye niliyekuwa naupukutisha matunda." Baba akamjibu, "Najua. Ulikuwa unaacha ngazi."

Pantelimon alikuja Jumanne tarehe 14, saa tisa mchana, na chupa ya asali. Nilikuwepo chumbani, na mama alikuwepo.

"Unaendeleaje, Irimie?"

"Naondoka."

"Theluji mwaka huu imechelewa."

"Pantelimon, sema."

"Niseme nini, kaka? Yale yalishapita."

"Yalimpita nani?"

Yule mtu alitazama dirisha. Baba alijiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa ameliweza tangu Ijumaa.

"Sema ndoo," alimwambia. "Neno moja tu. Mengine nitayamaliza mwenyewe, na jina lako litaandikwa."

Pantelimon alivaa kofia yake, akasema, "Umechoka, upumzike," akatoka. Mama alichukua chupa ya asali akaiweka juu ya nguzo ya lango, kwa nje. Mpaka leo asubuhi ilikuwepo.

Nilimuuliza baba niandike nini. Alisema, "Misamaha ni yangu. Humo usimtie. Wasifu ni wako, fanya unavyotaka." Nimefanya ninavyotaka. Mungu atanihukumu kwa hilo, nami nitamjibu. Simwombei Pantelimon Hurdea kifo. Namwombea maisha marefu na masikio mazima, na kwamba ayaishi yote hapahapa kati yetu, ambao sasa tunajua. Chakula cha leo ni cha mfungo, maharage na kabichi ya kukunja, na kipo kwa kila mwenye njaa, hata yeye. Lakini asimbebe baba, na udongo asitupe.

Alhamisi asubuhi baba aliomba anyolewe. Mama alimnyoa, akamwosha miguu, akamvika soksi nyeupe za sufu. Alikunywa vijiko viwili vya maji. Alimwuliza mama kama kuni za jikoni zinatosha, mama akasema zinatosha mpaka Aprili. Akasema, "Vizuri, Rafila." Mama aliwasha mshumaa akauweka mkononi mwake, akaushika mkono huo kwa mkono wake mwenyewe. Saa nne na dakika ishirini aliacha kupumua. Alikuwa na miaka sabini na saba.

Marehemu ameacha mjane, Rafila, dada, Paraschiva, binti, Zamfira, na mkwe, Gligor, na wajukuu wawili, Ilarie na Domnica. Mungu aliyeona lile gogo, ile ndoo na ile meza ampokee mtumishi wake Irimie asiye na hatia, na ampe pumziko ambalo sisi hatukumpa.

Sasa mwimbishaji Nicanor atasoma misamaha. Majina ni thelathini na manane, na la mwisho ni la mama. Likishasomwa hilo, jeneza litafungwa, na wanaume sita watambeba hadi makaburini juu, kando ya kaka yangu Ilarie.